Waya Uliokaa Sandukuni

Waya wenyewe ulikuwa mweusi, wa mita moja na nusu hivi, umekunjwa na kufungwa katikati kama ulivyotoka kiwandani. Baba aliuweka kwenye sanduku la bati, chini ya kadi zetu za kliniki na stakabadhi za tumbaku, mwaka 1992. Ulikaa humo mpaka nguzo za umeme zilipofika Kasekese. Nilipokuwa mtoto niliuona mara moja kwa mwaka, masika yakiisha, mama alipotoa vitu vya sandukuni kuvianika juani. Ulikuwa bado unanuka uplastiki. Siku moja nilimwuliza baba ni wa kazi gani. Akasema, "Huo ni wa kesho. Urudishe."

Ulikuwa waya wa redio kaseti yetu, ile kubwa yenye spika mbili za kuchomoa ubavuni, ambayo baba aliinunua Mpanda mjini baada ya msimu mzuri wa tumbaku. Mgongoni ilikuwa na njia mbili za kulia chakula, kama alivyozoea kusema. Moja ni sanduku la betri kubwa nane. Nyingine ni tundu dogo la pini mbili, na huko ndiko waya ule ungeingia. Kwa miaka yote tuliyoisikiliza, tundu lile lilikuwa makazi ya buibui.

Mimi nimesomea umeme wa majumbani na sasa ndiyo kazi inayonilisha. Watu huniita wakitaka soketi, taa au feni. Wapo pia, si haba, wanaoniita kwa sababu muziki wao haulii vizuri. Wameambiwa dukani wabadilishe waya, wanunue mnene zaidi, au waongeze stabilaiza. Kila mara ninapofika kwa mteja wa namna hiyo hukumbuka redio ya baba.

Nianzie nyuma kidogo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na kwa miaka ya mwanzo redio lilikuwa jambo la mjini na la wenye nacho. Kilichoifikisha redio vijijini hakikuwa nguzo za umeme. Ilikuwa transista, iliyokula umeme kidogo kiasi cha kutosheka na betri za mkononi. Miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, na betri na redio za National zikawa vitu vya nyumbani. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipowakalisha watu wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadili vyoo, maji na malaria, vikundi vingi vilikaa mahali ambapo hapakuwa na waya wa umeme hata wa kuanikia nguo. Baba alikuwa mvulana wakati huo, upande wa Shinyanga. Anasema kazi yake ilikuwa kushika redio ya babu juu ya magoti asiitikise, kwa sababu betri zilikuwa zimelegea na kila ikitikiswa mtangazaji alikatika.

Miaka ya 1980 ilipoanza, bidhaa ziliadimika nchi nzima, na betri nazo zikapotea pamoja na sabuni na khanga. Watu walizianika juani. Wengine walizitoboa wakatia maji ya chumvi, wengine walizigonga kwa jiwe. Kuna sayansi ndani yake: joto huamsha kemikali iliyolala na betri ikapata saa moja zaidi. Babu aliihifadhi saa hiyo moja kwa taarifa ya habari ya usiku.

Ni katika miaka hiyo ndipo ukoo wetu ulipohama. Waliswaga ng'ombe kutoka Shinyanga wakifuata malisho, wakapita Tabora, wakashuka Ipole, wakavuka misitu mpaka Inyonga, kisha Mpanda, na mwisho Kasekese, walipowakuta wenyeji, Wabende, wakaomba mahali. Safari hiyo ilichukua zaidi ya msimu mmoja. Bibi alitembea akiwa na watoto wanne, akafika na watatu. Sisi wajukuu tulijua hivyo tu, na hatukuuliza zaidi.

Narudi kwenye redio. Betri kubwa nane, kila moja volti 1.5, zinatoa volti 12. Hesabu hiyo ilimfikisha baba kwenye betri ya gari. Alinunua moja iliyotumika, akaunganisha nyaya mbili na vibanio, akaziingiza kwenye sanduku la betri, na kuanzia hapo tukawa nyumba yenye muziki. Kila baada ya wiki mbili au tatu betri ilifungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ikapelekwa kwenye mashine ya kusaga, ambako injini ya dizeli iliichaji huku watu wakisubiri unga. Suruali zote za kaka yangu za miaka ile zilikuwa na matundu ya asidi upande wa kulia.

Ndani ya betri ya gari, sehemu kubwa ya uzito ule ni ya risasi. Simaanishi ya bunduki, namaanisha madini. Na mji wa Mpanda upo pale ulipo kwa sababu ya risasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi pamoja na fedha, shaba na dhahabu, na serikali ya kikoloni ikajenga tawi la reli la kilometa 210 kutoka Kaliua ili mzigo huo upate njia ya kwenda pwani na ng'ambo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuketi akafikiri kwamba risasi ya Mpanda iliondoka kwa treni, na miaka thelathini baadaye watu wa Mpanda walikuwa wakinunua risasi ya kwingine, kuukuu, wakaifunga kwenye baiskeli ili wamsikie mtangazaji. Mimi hulifikiri sana, hasa nikiwa nimebeba betri.

Sauti ya redio ile ilikuwa safi. Nasema hivyo nikiwa fundi, si kwa sababu ni redio ya baba. Umeme wa betri umetulia, haupandi wala haushuki. Katikati ya wimbo wa Tabora Jazz, gitaa likinyamaza, ulisikia kimya chenyewe, kisha nyenje wa nje, kisha gitaa likaingia tena. Tulidhani redio zote ziko hivyo.

Mwaka 1996 baba alimrekodi bibi. Kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua na baba alitaka aeleze safari. Aliweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, bibi akasema kwa Kisukuma, upande wote wa kwanza na nusu ya wa pili. Alikuwa na sauti nzito ya chini, na pale aliposimulia mambo mazito aliishusha zaidi. Kaseti iliandikwa "Mayu" kwa kalamu ya bluu. Bibi alifariki mwaka 1999. Hakuna aliyeicheza tena. Si kwamba ilikatazwa, ila mkono haukwenda. Miaka michache baadaye betri ya gari ilikufa kabisa, simu zikaingia na miziki yake, redio ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikawa meza ya kuwekea albamu.

Umeme wenyewe ulichukua muda wake. Dar es Salaam iliwaka taa za kwanza mwaka 1908, chini ya Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na mitaa ya Wazungu. Mwaka 1931 zilianzishwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO, na serikali ikazichukua baada ya uhuru. Mwaka 1975 Kidatu ikaanza kuzalisha, mwaka 1988 Mtera, na nyaya kubwa zikaelekea kwenye viwanda na miji mikubwa. Huku kwetu magharibi gridi haikufika. Mpanda iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na bado ilikuwa hivyo wakati njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora ilipokuwa ikijengwa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na kidogo kidogo nguzo zikaanza kuonekana mahali ambapo watoto walizijua kwenye vitabu tu. Ada ya kuunganishwa ilipokuwa shilingi 27,000, baba alisema hiyo ni bei ya jogoo wawili na mabadiliko yao, akalipa siku ya kwanza.

Siku umeme ulipowaka nilikuwapo. Taa ziliwashwa, zikapigiwa vigelegele, zikazimwa, zikawashwa tena. Kisha baba akaingia chumbani akatoka na waya. Hakuwa ameniambia. Aliufungua taratibu, ukabaki na mikunjo ileile ya miaka yote. Pini zake zilikuwa mbili za mviringo, na soketi zetu ni za matundu matatu ya pembe, ambayo hayafunguki mpaka pini ndefu ya juu iingie. Ikabidi nifanye kile ambacho kila nyumba Tanzania imekifanya na kila mwalimu wangu alikikataza: nikasukuma kijiti kwenye tundu la juu, nikaingiza plagi. Majirani walikuwa wameketi mpaka mlangoni. Baba hakuweka muziki. Aliweka "Mayu".

Kilichotoka kwanza ni mvumo. Mmmmm, mzito, usiopumua, kama nyuki walioko ndani ya ukuta. Nyuma yake, mbali, bibi alikuwa anaongea. Alipopandisha sauti tulimsikia. Alipoishusha mvumo ulimfunika wote. Baba aliongeza sauti, na mvumo ukaongezeka pamoja naye. Jirani mmoja akasema labda redio inazoea. Tulikaa kama dakika kumi hivi kwa heshima, kisha mama akaleta chai.

Usiku ule ndipo baba aliponieleza alichokuwa anakitafuta. Shangazi, mtoto mkubwa wa bibi, alikuwa amempigia simu kutoka Shinyanga. Alitaka kujua mtoto aliyebaki njiani alizikwa wapi. Yeye alikuwa mdogo wakati ule, anakumbuka mto na mti mkubwa, jina hakumbuki. Baba naye alikumbuka kwamba bibi alilitaja kwenye kaseti, mara moja, upande wa pili. Lakini alikuwa ameisikiliza siku ile ya kurekodi tu, akihangaika na vitufe.

Kesho yake baba alikwenda sokoni akarudi na waya mpya, mnene kama mkia wa mjusi kenge, na risiti ya bei iliyonitia uchungu. Aliambiwa waya wa zamani umekaa sana, umechoka. Tukaubadilisha. Mvumo ulikuwa uleule.

Hapa ndipo ningependa wateja wangu wote wawepo. Redio ile hutumia wati kama 25. Waya wake wa zamani, mwembamba hivyo hivyo, hupoteza chini ya sehemu mbili za mia za volti moja kati ya soketi na redio. Nilipopima soketi saa mbili usiku, mashine ya kuchomelea vyuma ikiwa inafanya kazi na kila nyumba imewasha, nilikuta volti 168 mahali panapotakiwa 230. Zilipungua volti 62 njiani, kabla ya kufika ukutani kwetu, na baba alikuwa amenunua waya wa kuokoa kile kisichofika hata senti ya volti mbili. Umeme umesafiri kilometa nyingi juu ya nguzo. Mita moja na nusu ya mwisho, kama ni nzima na haipati moto, haina cha kuongeza.

Ila sikumcheka, kwa sababu dunia nzima inanunua nyaya hizo. Wapo watu Marekani na Ulaya wanaolipa maelfu ya dola kwa waya wa umeme wa redio. Mwaka 2016 gazeti la Wall Street Journal liliandika habari za wapenda muziki wa Japani wanaojisimikia nguzo yao wenyewe ya umeme, na transfoma yake, nje ya nyumba, ili muziki wao usichangie umeme na majirani. Mmoja, mwanasheria mzee, alitumia takribani dola 10,000. Nilimsimulia baba. Alifikiri kidogo akauliza, "Na majirani zake wanamwomba kuunga?"

Yule mwanasheria angalau alikuwa upande sahihi wa jambo: tatizo huwa linatoka kwenye njia, si kwenye kamba ya mwisho. Umeme wa nguzo huyumba huku na huku mara 50 kwa sekunde. Redio haiwezi kuutumia hivyo. Ndani yake kuna transfoma ya kuushusha, dayodi za kuugeuza uende upande mmoja, na kapasita, ambayo ni kama pipa chini ya bomba linalotoa maji kwa mikupuo: bomba linarusha, pipa linajaa, wewe unachota maji yaliyotulia. Pipa la redio ya baba lilikuwa limekaa miaka zaidi ya ishirini. Kapasita za aina ile hukauka ndani hata zisipotumika. Na bomba lenyewe, kwa volti 168, lilikuwa linatoa nusunusu. Hivyo mikupuo 100 kwa sekunde ilipita moja kwa moja mpaka kwenye spika, na huo ndio mvumo. Umekaa sauti ya chini, palepale bibi alipokuwa anashukia.

Nilibadilisha kapasita mbili, nikaleta stabilaiza. Stabilaiza ya kawaida ni transfoma yenye ngazi, volti zikishuka, swichi ndani yake inaruka ngazi, unasikia "ta!", na zinapanda. Mvumo ulipungua zaidi ya nusu. Nikachimbia ethi vizuri, fimbo ya shaba kwenye udongo wenye unyevu karibu na bafu, kwa sababu niliyoikuta ilikuwa kipande cha nondo kilichosimama kwenye mchanga mkavu. Ethi haikuigusa redio, maana plagi yake ni ya pini mbili. Niliifanya kwa ajili ya wanaoishi mle. Ningekuwa na uwezo wa kumlazimisha kila mteja kununua kitu kimoja, ningemnunulisha ethi kabla hajagusa waya wa muziki.

Tulisikiliza tena. Sasa tulikuwa na bibi karibu wote, isipokuwa pale penyewe. Alikohoa, akashusha sauti, na swichi ya stabilaiza ikaruka, ta!, juu ya jina. Tukarudisha, safari hii haikuruka, lakini mvumo uliobaki ulitosha kulifunika. Baba alikuwa ameinama sikio likigusa spika. Alisema anasikia herufi ya kwanza.

Nilipanga kurudi Jumamosi na kapasita nyingine. Ijumaa usiku umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika, ukarudi kwa kishindo. Stabilaiza niliyoleta ilikuwa ya bei nafuu, haina kile kifaa cha kusubiri dakika chache kabla ya kuruhusu umeme. Lawama hiyo ni yangu. Mama anasema balbu mbili ziliwaka nyeupe kama jua kisha zikafa, na redio ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Baba aliichomoa kwa kuvuta waya, jambo ambalo angenichapa ningelifanya nikiwa mtoto.

Niliifungua mezani nikiwa nimeshajiandaa kusema pole. Transfoma ilikuwa imeungua, imevimba nta. Dayodi mbili zilikuwa zimepasuka. Nikafuata njia za shaba kwenye bodi mpaka nikafika kwenye sanduku la betri, nikakaa kimya kwanza. Njia ya betri haipiti kwenye transfoma. Inaingia mbele yake, inakwenda moja kwa moja kwenye muziki. Umeme wa nguzo uliua mlango wake wenyewe na kuuacha mlango wa zamani.

Baba alinitazama. "Betri ya nani ina chaji?"

Kijana wa jirani ana bodaboda, na nyumbani kwake ana paneli ya sola na betri ya volti 12 ya kuchajia simu za watu kwa malipo. Tuliiazima kwa nusu saa. Nikakata kile kichwa cha plagi kwenye waya mnene wa sokoni, nikachubua ncha zake, nikazifunga kwenye betri upande mmoja na kwenye sanduku la betri upande wa pili. Hivyo ulipata kazi. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka kwa umeme wa nguzo juu ya vichwa vyetu, na chini yake redio ikawaka kwa jua la jana.

Hakukuwa na kitu kabla ya bibi kuanza kusema. Nilikuwa nimesahau kimya kile. Tulisikia kuni zikipasuka motoni, mwaka 1996, na jogoo, na kinu kikigusa ardhi. Bibi akaeleza mto, akaeleza mti. Akakohoa, akashusha sauti, akalitaja jina la mahali, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Ni kati ya Ipole na Inyonga. Sitaliandika hapa, kwa sababu shangazi hajafika huko bado, naye ana haki ya kulisikia kwanza kwa mdomo wa mama yake. Naweza kusema tu kwamba nimepita karibu na hapo kwa basi, minara ya njia ya Tabora ikiwa inasimamishwa msituni, na nilikuwa nimelala.

Baba hakusema kitu. Aliuchukua waya wa zamani uliokuwa mezani, sasa hauna pa kuingia, akaukunja kwa kufuata mikunjo yake, akaenda nao chumbani. Nilisikia sanduku la bati likifunguliwa na kufungwa. Akarudi, akaketi, akaniomba niirudishe kaseti nyuma kidogo.